Usijiandike Mzaliwa wa Kwanza

Mwanangu Chiza,

Kabla hujasoma mstari wa pili, tazama aliyekaa ubavuni mwako. Kama anaweza kuiona karatasi hii, ikunje, irudishe kifuani, usubiri hadi ashuke au asinzie. Nakuomba kwa unyenyekevu ambao pengine baba hapaswi kumwonyesha mtoto: lisitoke kinywani mwako hata neno moja la humu, si kwa rafiki mpya wa bwenini, si kwa mwalimu mwema, si kwa padri, mpaka siku utakayoamua mwenyewe kulisema. Nasema wewe mwenyewe. Si mimi, si mama yako, wala ofisi yoyote.

Leo ni Jumamosi mchana. Wenzangu wamefunga kazi na kwenda zao. Mimi nimebaki ndani, nimefunga mlango na kuuacha ufunguo kwenye tundu ili mtu asichungulie. Naandika kwa mkono kwa kuwa mashine ya kuchapa husikika mpaka barabarani. Kila nikisikia miguu barazani naifunika barua hii kwa faili la mbegu za tumbaku. Unanijua. Mama yako husema mimi ni mtu wa kwenda kuhakikisha kama jogoo naye amelala. Basi ujue kwamba haya yanaandikwa na mwoga, ila usiyachukue kwa wepesi kwa sababu hiyo. Nimeyapima kuliko mtu jasiri angeyapima.

Mambo ya shuka, sabuni, vidonge vya malaria na kutokopesha kitana, mama yako amekwisha kuyasema na atayasema tena kesho asubuhi wakati lori la Mzee Hamadi linawashwa. Mimi nitakupa bahasha hii ukiwa umeshapanda, na nitakuambia usiifungue mpaka treni iondoke Kigoma. Kwa hiyo sasa uko ndani ya treni, na ni Jumatatu. Mimi huenda nimesimama mbele ya meza ya mkubwa wangu. Nitakuambia kwa nini. Ila kwanza nataka kujibu swali lako nililolikimbia.

Unakumbuka, mlikuwa barazani wewe na mama yako mnachagua maharage. Barua ya shule ilikuwa imefika, nayo ilidai kila msichana wa kidato cha kwanza aje na kurasa mbili za "Maisha Yangu", kwa mwandiko wake, azisome mbele ya wenzake. Ukaniuliza, "Baba, wewe ndiye unayeandika watu. Nikiandika maisha yangu mwenyewe, inaitwaje?"

Nikasema, "Inaitwa tawasifu."

"Na wewe ukiniandikia?"

"Hiyo ni wasifu. Mtu kuandikwa na mwingine."

"Na wewe ukiniandikia, halafu mimi nikasimama nikasoma kama yangu?"

Nikasema nakwenda kuwafunga mbuzi. Mama yako akainua uso kutoka kwenye ungo. "Baba Chiza, mbuzi wamefungwa zamani. Mjibu mtoto."

Nilikwenda hivyo hivyo. Nilisimama zizini nikiwatazama mbuzi nao wakinitazama.

Hiyo ya tatu, mwanangu, haina jina zuri vitabuni, lakini ina jina ofisini. Tunaiita maelezo. Mtu huja akakaa kwenye benchi, akasema shida yake kwa Kiha. Mimi naandika kwa Kiswahili: Mimi, fulani mwana wa fulani, mkulima, mkazi wa mahali fulani. Namsomea, anapaka kidole wino, anabonyeza. Karatasi inasema "Mimi", na mwenye kidole hajui hata herufi moja iliyomo, na aliyeandika herufi hayumo kabisa. Mwalimu wangu wa sekondari alitufundisha kupima kwa njia moja tu. Kuna anayeandika, kuna anayesimulia, kuna anayesimuliwa. Wakiwa mtu mmoja, hiyo ni tawasifu. Mmoja wao akiwa mtu mwingine, tafuta jina jingine, hata kama kila mstari unaanza na "mimi". Nilipata alama nzuri sana katika somo hilo. Kisha nikaajiriwa kufanya kinyume chake, na nimeandika "Mimi" nyingi kuliko mtu yeyote wa Kibondo. Hata moja haikuwa yangu.

Sasa nikueleze ya baba yako aliyekuzaa. Kwamba hukuzaliwa na sisi hatukukuficha. Tulichokuficha ni mengine yote.

Mwaka ule watu wa ng'ambo walipovuka mpaka kukimbia mauaji, ofisi ilinituma Kumsenga na meza, kiti, chupa ya wino na rundo la karatasi. Nilikuwa kijana mwenye shati moja jeupe, nalifua jioni nalivaa asubuhi. Watu walikaa majanini na mizigo yao, nami nikawaita mmoja mmoja. Sikuhitaji mkalimani. Wao walisema Kirundi, mimi Kiha, tukaelewana kama watu wanaosemezana juu ya ua wa nyumba. Kiswahili kilikuwa cha karatasi tu.

Baba yako alikuja mezani amekushika mkono. Mrefu, amejifunga shuka la kijivu, ana kovu juu ya nyusi.

"Jina?"

"Bigirimana."

"Kazi?"

"Natengeneza mizinga ya nyuki. Ukitaka nitakutengenezea mmoja. Unaonekana mtu ambaye hajaonja kitu kitamu tangu mwezi uliopita."

Waliokuwa nyuma yake wakacheka. Ndicho kicheko pekee nilichokisikia siku ile. Nikaandika: mkulima. Wote niliwaandika wakulima.

"Watoto?"

"Watatu. Bukuru, Butoyi, na huyu Chiza."

"Namwona mmoja."

"Unamwona mmoja. Wale wawili walikuwa kwa bibi yao, upande wa pili wa kilima, mambo yalipoanza. Njia ilikuwa imefungwa. Sijui kama wako hai."

"Karatasi inataka walio hapa."

Alinitazama. Hakukasirika. "Wewe ni Muha," akasema. "Utaandikaje Chiza peke yake? Atakayesoma atakucheka."

"Wanaosoma wako mbali. Hawajui mambo hayo."

"Basi andika kwa ajili yetu tunaojua."

Nikaandika: mtoto mmoja. Kisha nikamsomea, kwa sababu utaratibu unadai usomewe: Mimi, Bigirimana, mkulima, nina mtoto mmoja.

"Huyo ni nani?" akauliza.

"Ni wewe."

"Hapana, kijana. Huyo simjui. Lakini mtoto ana homa na bado tuko nje. Lete wino."

Akabonyeza kidole chake chini ya mtu asiyemjua.

Siku zile nilisifiwa kwa maelezo mafupi na safi. Mkubwa wangu wa wakati ule, mzee mmoja wa pwani, aliyaonyesha kwa makarani wengine. Nami nilifurahi. Sitaki kukudanganya kwamba moyo uliniuma pale pale. Nilifurahi, nikala ugali, nikalala.

Baba yako aliugua tumbo la damu akapelekwa zahanati, akafariki huko kabla malori ya kuwachukua watu kwenda makazi ya wakimbizi upande wa Tabora hayajafika. Sikuwepo alipofariki. Ningependa kukuambia kwamba alisema neno fulani. Sijui kama alisema. Nawe usimtungie. Wanaoandika maisha hupenda sana kuwapa wafu maneno ya mwisho, na ndipo mtu msomaji anapoanza kuyatilia shaka hata yale ya kweli.

Malori yalipokuja, wewe ulikuwa umekaa chini ya meza yangu, umeukumbatia mguu wa meza. Mtu wa malori aliniuliza wewe ni wa nani. Angeweza kukuweka juu ya gari pamoja na magunia, na huko mwisho wa safari mtu mwingine angekuuliza swali hilo hilo. Nilisema, "Ni wangu." Sikuwa nimewaza lolote kabla ya kulisema. Ni jambo pekee maishani mwangu nililolifanya bila kwanza kulifanyia rasimu. Nilikuleta Kibondo kwa baiskeli, umefungwa mgongoni kwangu kwa lile shuka la kijivu, umechemka kama chungu.

Mama yako alikuwa mlangoni. Tulikuwa hatujapata mtoto bado, na watu walikuwa wameshaanza kusema.

"Mtoto gani huyu?"

"Wa Kumsenga."

"Anaitwa nani?"

"Chiza."

"Na mapacha wako wapi?"

Unaona. Hata mama yako, kabla hajakupa maji, hilo ndilo lililomtoka. Hapa kwetu na kule ng'ambo, mapacha ni Bukuru na Butoyi, na anayewafuata ni Chiza. Wazazi hawachagui. Mtu akisikia jina lako anajua kwamba wawili walikutangulia katika tumbo lile lile, na huwatafuta kwa macho. Akakufungua mgongoni mwangu akaingia nawe ndani, na mpaka leo anangoja jibu.

Ulipofika wakati wa kukuandikisha shule nilijaza fomu kwa mwandiko wangu bora: Chiza Filipo, amezaliwa Kasanda, mzaliwa wa kwanza. Kasanda kwa sababu ndiko kwao mama yako, na shangazi zake wangekubali chochote ukiwaomba vizuri. Mzaliwa wa kwanza kwa sababu hatukuwa na mwingine. Na Chiza kwa sababu hukuitikia kitu kingine. Mama yako alijaribu Maria, wiki nzima Maria, nawe ukatazama ukuta kama hakuna aliyesema. Mzee wa pwani alisoma, akasema jina zuri, akatia sahihi. Kwa kuwa ulikwisha kujua kusoma, wakakuanzishia darasa la pili. Nami, karani mwangalifu anayehesabu nukta, nikatoka pale nikidhani sikuacha mwanya. Nilikuwa nimeandika kitu ambacho Muha yeyote, hata asiyejua kusoma, akisomewa atauliza kosa liko wapi: Chiza, mzaliwa wa kwanza.

Sasa nisikilize vizuri. Wapo wanaoandika maisha yao ili wasamehewe. Hayo huitwa maungamo, nayo ni ndugu wa tawasifu, lakini mwenye kuungama amepiga magoti tangu mstari wa kwanza. Barua hii si maungamo. Nilidanganya kwamba umezaliwa Kasanda, na ningeliandika tena leo kwa wino mzuri zaidi. Nilidanganya ili ule mguu wa meza usiwe kitu cha mwisho ulichokikumbatia. Kwa hilo siombi radhi kwa mtu, na mkubwa wangu mpya atalisikia hivyo.

Ninachoshindwa kukitetea ni yale maneno mawili ya Kumsenga. Mtoto mmoja. Fikiria kama Bukuru na Butoyi walivuka mahali pengine, na mtu mwenye meza na wino kama mimi akawauliza baba yao ni nani. Wakasema Bigirimana, mtengeneza mizinga. Karatasi zikapekuliwa. Yuko Bigirimana mmoja, mkulima, mwenye mtoto mmoja. Si yeye, watakuwa wamewaambia. Nendeni mkae. Nimeliwaza hilo miaka yote hii nikila nawe sahani moja. Na sikuandika kokote kuulizia, kwa sababu kuuliza kungefungua fomu yako. Nilikuwa nachagua kila siku kati yao na wewe, na kila siku nilikuchagua wewe, bila kukuuliza.

Siku ulipofika nilianza pia shajara, yaani maandishi ya kila siku kama yalivyo, kabla mtu hajajua mwisho wake. Ulikula nini, ulisema nini. Baadaye niliogopa isije ikaonekana, nikaichoma jikoni. Ndiyo maana sijui ulicheka lini mara ya kwanza. Mama yako anasema ni siku nilipoanguka na baiskeli mbele ya kanisa, mimi nasema ni mapema zaidi. Kilichobaki ni kumbukumbu, na kumbukumbu hazina mpango, hazianzi mwanzo. Nakumbuka usiku fulani ulikuwa unaota, unaita "Data, Data." Huko kwenu ni baba, na hapa kwetu ni baba. Niliitika. Sikujua unamwita yeye au mimi, na niliitika hata hivyo. Na zako ni zipi? Uliwahi kumwambia mama yako kwamba unakumbuka harufu ya nta na mkono mkubwa ukikulisha kitu kinachonata. Ukiandika, andika hiyo, na ukiishia hapo, ishia hapo. Palipo na tundu acha tundu. Mimi kazi yangu yote imekuwa kuziba matundu ya watu, na unaona nilichoziba nacho.

Basi, Jumatano. Mkubwa mpya aliniita. Ni kijana kidogo kuliko mimi, amekuja kutoka Kasulu mwezi uliopita, na alikuwa anapitia majina ya watoto wetu waliochaguliwa sekondari.

"Karani, huyu Chiza ni wako?"

"Ndiyo, mzee."

"Wa kwanza?"

"Ndiyo, mzee."

Akaegemea kiti. "Na mapacha umewaweka wapi? Kwenye kabati la faili?"

Nikageuka kweli nikalitazama kabati.

"Mimi mama yangu alinizalia Heru, huku huku kwa Waha, Karani. Usinifanye mtu wa pwani." Akacheka, na cheko lake si baya, na hilo ndilo linalonitisha. "Huyu mtoto ni wa ng'ambo. Sikulaumu. Nami nina watoto. Lakini nafasi hizi ni za watoto wa raia, na mtu mwingine wa Kasulu akiliona jina hili, watauliza mimi nilikuwa nimelala?" Akasukuma fomu tupu kuja kwangu. "Jumatatu niletee nyingine. Mwite Rehema, mwite Neema, majina ni bure. Amezaliwa Kasanda, wa kwanza, Rehema Filipo, kila kitu kimekaa sawa. Au niandikie ukweli wote nami niupeleke juu, huko wakaamue wao. Nakusaidia, unaelewa?"

"Naelewa, mzee."

"Basi chukua hiyo fomu, na angalia usimwage wino."

Nilirudi na fomu mfukoni. Ni kweli kwamba alikuwa ananisaidia. Badiliko la jina moja tu, na uongo wangu ungekuwa kamili. Ningelala. Jioni ile ile nilikaa nikakuandikia "Maisha Yangu", kurasa mbili nzuri, nikaanza: Mimi ni Rehema, mzaliwa wa kwanza wa karani wa Kibondo. Nilikusudia uinakili tu kwa mwandiko wako. Niliiweka sandukuni mwako chini ya sare, na nikatafuta namna ya kukuambia.

Jana nikakuuliza kama kwa mzaha. Ulikuwa unapepeta. "Ukiambiwa uitwe Rehema ndipo uende shule, utaitika?"

Hukuinua hata kichwa. "Basi Rehema na aende yeye. Akirudi likizo atanikuta hapa nachagua maharage."

Mama yako akacheka mpaka akaweka ungo chini. Kisha akanitazama, na alikuwa ameacha kucheka.

Asubuhi ya leo nimezitoa zile kurasa sandukuni. Usizitafute. Badala yake kuna karatasi mbili tupu na kalamu. Una safari nzima ya kuzijaza, na shuleni hakuna anayekujua, kwa hiyo mkono wako uko huru kuliko utakavyokuwa tena. Sikuambii uandike nini. Unaweza kuandika juu ya maharage na mbuzi na barabara ya Kasulu, ukanyamaza juu ya mengine. Anayeandika maisha yake anayo haki ya kufunga mlango wa chumba kimoja; akifunga mwenyewe bado ni tawasifu. Jambo moja tu nakuomba, nalo nakuomba kwa niaba ya mtu aliyeniomba nikakataa: usijiandike mzaliwa wa kwanza. Ukinyamaza, nyamaza. Lakini usiwafute wale wawili kwa mkono wako. Niliwafuta mimi, na inatosha.

Nami nitafanya hivi. Ile fomu ya Rehema nimeichana. Jumatatu nitaingia kwa mkubwa nikiwa na karatasi moja, nayo inaanza: Mimi, Filipo, karani. Kwa mara ya kwanza mimi ndiye ninayeandika, ninayesimulia na ninayesimuliwa. Nimeandika kwamba nilimchukua mtoto wa marehemu Bigirimana, mtengeneza mizinga, mwenye watoto watatu, nikawataja wote kwa majina. Nimeandika kwamba mtoto hakuwa na sehemu katika uongo ule, na kwamba nafasi aliipata kwa mtihani alioufanya mwenyewe. Na mwisho nimeomba, kwa cheo changu kama bado ninacho, ofisi za makazi yote ziulizwe kama wako Bukuru na Butoyi wa baba huyo. Nakala yake nimeshaiweka posta leo asubuhi, iende ofisi za juu, ili nisipate nafasi ya kuwa mwoga Jumatatu.

Sijui watafanya nini. Wanaweza kuniachisha kazi. Wanaweza kunishitaki. Wanaweza kukuandikia huko uliko wakakurudisha, na hilo ndilo linalonifanya niinuke kila dakika kutazama dirishani. Nimezungumza na mama yako. Aliniuliza, "Wakimrudisha?" Nikasema atakuwa amerudi akiwa na jina lake. Akasema, "Nilikuwa nadhani nimeolewa na mtu mwingine." Sijui kama lilikuwa sifa. Nimelichukua kama sifa. Wakikurudisha, utarudi nyumbani kwako, tutalima, na kitabu utasoma, na mtu akiuliza mapacha wako wapi, safari hii mtaani kwetu kutakuwa na jibu. Kama uliniona nyuma ya lori nimeinua mkono kama wa kulisimamisha, usidhani nilibadili mawazo. Karatasi iko posta.

Sasa namna ya kunipata. Usiandike kwa sanduku la ofisi. Barua za pale hufunguliwa, nami najua kwa sababu baadhi nilizifungua mimi. Mwandikie Mzee Hamadi, Kasulu, yule mwenye duka la vitenge karibu na soko, ambaye bado husema "kwetu Bagamoyo" ingawa ni babu yake ndiye aliyetoka huko. Nimesema naye. Hakuuliza lolote, alisema tu kwamba lori lake hubeba chumvi kuja Kibondo kila juma na barua haizidishi mzigo. Kwenye bahasha ya nje weka jina lake. Ndani yake weka bahasha ya pili. Ukitia sahihi mwisho wa barua, andika jina la baba umtakaye, lake au langu, au yote mawili. Nitafurahi kwa lolote, ilimradi lianze na Chiza. Na juu ya ile bahasha ya ndani usiandike Karani, maana dereva akishafika huenda pasiwe na karani wa jina hilo. Usiandike hata Filipo, wapo wengi. Andika Baba Chiza. Dereva akiuliza mtu yeyote Kibondo, ataletwa mpaka mlangoni, na hilo ni jina ambalo hakuna ofisi iliyonipa.